Nguruwe, mbuzi au kuku: mwenye figo dhaifu ale nyama gani, na kiasi gani?

«Daktari, salamu. Mimi ni mwanamume wa miaka 54, mkazi wa Mikindani hapa Mombasa, na uzito wangu ni kilo 72. Nina presha kwa mwaka wa 11 sasa na natumia losartani, sukari sina. Mwezi uliopita nilipimwa damu nikaambiwa kreatinini ni 168, kiwango cha uchujaji ni 41, potasiamu ni 4.6, na kwamba figo zimeingia hatua ya tatu. Aliyenihudumia alisema ‹punguza nyama nyekundu›, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Tangu siku hiyo kila mtu ana lake. Shemeji yangu asema nguruwe ni nyama nyeupe kama kuku, kwa hiyo nile bila wasiwasi. Mama mkwe asema nguruwe ndiyo iliyoniharibu figo, na niache nyama zote. Mwenye bucha asema mbuzi haina neno na kwamba supu yake husafisha figo. Jirani yangu, ambaye husafishwa damu mara mbili kwa wiki, anasema yeye ameambiwa aongeze nyama. Kila Jumamosi nimezoea nguruwe ya kuchoma, na nusu kilo naimaliza peke yangu; asubuhi nyumbani ni soseji na chai. Nifuate la nani?»

Ndugu yangu, salamu nimezipokea. Nikusahihishe kwa jambo dogo kabla hatujaanza: mimi si daktari bali ni mtaalamu wa lishe, kwa hiyo nitakayoyasema yanahusu sahani yako, na dawa zako zitabaki mikononi mwa anayekutibu. Nikiri pia kwamba mimi ni Mwislamu na nguruwe haiingii jikoni kwangu. Wewe hukuniuliza habari za dini, umeniuliza habari za figo, na nitakujibu kwa kipimo kile kile ambacho ningemjibia mtu aliyeniuliza habari za ng'ombe au ngamia.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na naona kwamba washauri wako wote, ukimtoa jirani, wamegombana juu ya aina ya mnyama, ilhali jambo lililonishtua mimi ni ile nusu kilo. Baada ya nusu kilo, kilichonishtua ni soseji za asubuhi. Kama ile nusu kilo ingekuwa ya mbuzi, au hata ya kuku, ningekuandikia karibu maneno haya haya.

Ili uone sababu, hebu tuangalie figo zinafanya nini na nyama. Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja, na figo mbili kwa pamoja huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikairudisha karibu yote mwilini na kuacha lita moja na nusu hivi itoke kama mkojo pamoja na taka. Sehemu kubwa ya taka hizo hutokana na protini. Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Unachukua kiasi unachohitaji kujenga misuli, damu na kinga, na kinachozidi huvunjwa. Katika kuvunjwa huko hupatikana amonia, ambayo ni sumu. Ini huigeuza kuwa urea, na urea haina njia kubwa ya kutokea isipokuwa figo. Protini ya nyama huacha pia asidi, nayo huondolewa na figo hizo hizo.

Lakini hatari haiishii kwenye wingi wa taka. Baada ya mlo mkubwa wa nyama, mishipa midogo inayoingiza damu kwenye vichujio hutanuka, damu huingia kwa wingi, na shinikizo ndani ya kila kichujio hupanda. Figo nzima hulimudu hilo bila taabu. Figo iliyokwisha kupoteza sehemu ya vichujio vyake ni kama mahamali wa Marikiti ambao nusu yao hawakuja kazini siku lori la viazi lilipowasili: mzigo utashushwa, ila kwa migongo ya wachache waliopo, na ukiwafanyia hivyo kila siku nao wataanza kuumia mmoja mmoja. Kiwango chako cha 41, ambacho kwenye karatasi ya maabara huandikwa eGFR, kinaangukia kati ya 30 na 44, yaani nusu ya chini ya hatua ya tatu. Katika hatua hii watu wengi huishi miaka mingi bila kufika kwenye mashine ya kusafisha damu, mradi presha ishikwe na vichujio vilivyobaki visibebeshwe mzigo usio wa lazima.

Sasa nimjibu mama mkwe, kwa heshima zote. Siwezi kukuambia kwa barua kilichoanza kuziumiza figo zako, lakini mtu mwenye presha ya miaka 11 hana haja ya kumtafuta mchawi kwenye sufuria. Sukari na presha ndizo sababu mbili kubwa za ugonjwa sugu wa figo, na presha yenyewe huweza kuwa chanzo au matokeo. Nguruwe haina sumu yake ya pekee inayolenga figo. Na ushauri wa kuacha nyama zote ghafla, bila kupanga kitakachoshika nafasi yake, una madhara ambayo huonekana polepole: mtu hubaki na chai, ugali na sukuma, misuli hupungua, nguvu hupotea, na mwili huanza kujila wenyewe. Kuna mtego humo pia. Kreatinini, ile taka ya damu inayotumika kuzipimia figo, hutoka kwenye misuli, kwa hiyo aliyekonda anaweza kupimwa, akaona kreatinini imeshuka, akafurahi kwamba figo zimepona, kumbe kilichopungua ni nyama ya mwili wake mwenyewe.

Shemeji naye ana hadithi iliyotoka mbali. Mwaka 1987 wafugaji wa nguruwe wa Marekani walianzisha kampeni ya matangazo iliyoiuza nyama yao kama «nyama nyeupe nyingine», kwa sababu watu walikuwa wakihamia kwenye kuku, na maneno hayo ya biashara yakasafiri hadi kwenye meza zetu. Kwa hesabu za wataalamu wa afya, likiwemo Shirika la Afya Duniani, nguruwe ni nyama nyekundu pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Rangi inayotazamwa ni ile inayotokana na mayoglobini, kemikali ya misuli inayohifadhi oksijeni, wala si weupe wa kipande baada ya kuiva. Kwa hiyo aliyekuambia upunguze nyama nyekundu, na nguruwe ilikuwamo ndani ya neno lake.

Je, nguruwe hasa imewahi kuchunguzwa? Imechunguzwa, na tena na watu wanaoila sana. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliowafuata Wachina wa Singapore zaidi ya 63,000 kwa wastani wa miaka 15 na nusu. Nyama nyekundu waliyokula, kwa asilimia 97, ilikuwa nguruwe. Robo ya watu waliokula nyingi zaidi ilikuwa na uwezekano wa kufikia hatua ya mwisho ya ugonjwa wa figo unaozidi ule wa robo iliyokula kidogo kabisa kwa asilimia 40 hivi. Watafiti walipokadiria hali ingekuwaje mlo mmoja wa nyama hiyo kwa siku ukibadilishwa kwa kuku, samaki, mayai au soya, hatari ilionekana kushuka. Naupenda utafiti huu kwa ukubwa wake, lakini sitaki uusome kupita kiasi: ulitazama tu watu walivyoishi, haukuwagawa na kuwapangia chakula, na walioanza nao hawakuchaguliwa kwa kuwa wagonjwa wa figo. Nauchukua kama sababu nzuri ya kubadilishabadilisha kitoweo. Hauthibitishi kwamba kipande kimoja cha Jumamosi kitakupeleka kwenye mashine.

Tukiacha tafiti na kuingia kwenye mizani, mambo huwa mepesi zaidi. Gramu 100 za mnofu uliopikwa, uwe wa nguruwe, ng'ombe, mbuzi au kuku, hutoa protini gramu 25 hadi 30 hivi. Samaki hupungua kidogo tu. Tofauti za potasiamu na fosforasi, madini ambayo figo dhaifu huyatoa kwa shida, zipo lakini si za kubadilisha maisha. Mnyama akishakuwa mnofu mtupu, bila chumvi wala mafuta, figo hazina njia kubwa ya kumtambua. Kwa hiyo mwenye bucha naye hajakosea sana anaposema mbuzi haina neno, kwa maana ya kwamba mbuzi wetu huwa hana mafuta mengi. Amekosea kama anadhani mbuzi haihesabiwi.

Basi tuhesabu. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo, unaojulikana kwa herufi KDIGO, katika toleo la mwaka 2024 unapendekeza kwa mtu mzima aliye katika hatua ya tatu hadi ya tano, asiyesafishwa damu, protini gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na unaonya dhidi ya kuvuka gramu 1.3 kwa kilo. Kwa kilo zako 72, kipimo ni gramu 58 hivi, na mpaka wa kuogopwa ni 94 hivi. Sasa chukua siku ya kawaida ya mtu wa Mikindani: kikombe cha chai ya maziwa kina gramu 4, chapati mbili gramu 10, bakuli dogo la maharagwe gramu 8, ugali wa unga wa gramu 150 una gramu 12, na mboga za majani na vinginevyo tuseme gramu 3. Tumeshafika 37 kabla nyama haijaletwa. Nafasi iliyobaki ni ya gramu 20 na ushei, nazo zinatoshelezwa na mnofu uliopikwa wa gramu 75 hadi 85, kipande kinacholingana kwa upana na unene na kiganja chako, vidole ukiviacha nje.

Weka sasa ile nusu kilo. Hata tukitoa mifupa na mafuta tukabaki na mnofu mbichi wa gramu 350, hapo pana protini gramu 70. Ukijumlisha na 37 za siku unapata 107, umevuka mpaka kwa mlo mmoja. Ndiyo maana nilisema kilichonishtua ni kiasi.

La soseji nitalisema kwa ukali kidogo, kwa sababu naona watu wengi wanaopima nyama ya bucha kwa wasiwasi huku wakila soseji kama mkate. Soseji, bekoni, hemu na zile smoki zinazopasuliwa na kujazwa kachumbari kando ya barabara si nyama tu. Ni nyama iliyotiwa chumvi, na mara nyingi fosfeti, yaani fosforasi ya kiwandani, ili ishike maji, idumu na ipendeze. Gramu 100 za soseji huweza kuwa na chumvi gramu 2, na bekoni huzidi hapo. Kiasi unachopaswa kutumia kwa siku nzima hakizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kikiwa ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate, chapati na mchuzi. Chumvi huvuta maji, maji hupandisha presha, na presha ndiyo nyundo inayovigonga vichujio vyako. Kuhusu fosforasi, tofauti ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: ile ya asili iliyo ndani ya nyama hufyonzwa kwa asilimia 40 hadi 60, ya mbaazi na maharagwe hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi kwa kuwa imefungwa na kemikali ya mmea, lakini ile iliyotiwa kiwandani huingia mwilini karibu yote. Ukitaka kujua, geuza pakiti usome viungo: neno lolote lenye herufi «phos», au namba E338 hadi E341, au E450 hadi E452, ni fosfeti. Soma pia pakiti za kuku wa barafu, kwani baadhi yao hudungwa maji ya chumvi.

Kwa hiyo ukiniuliza kati ya soseji ya kuku na kipande kibichi cha nguruwe ulichokinunua buchani na kukipika mwenyewe, nitakuambia ule kile kipande. Najua jibu hili litamshangaza anayeniheshimu kwa kilemba, lakini ndilo la kweli.

Samaki wetu wanaingia humo humo. Changu, tafi au kolekole mbichi ni chaguo zuri sana kwako. Ng'onda na papa wa chumvi ni habari nyingine. Chumvi iliyomo haitoki yote hata ukiloweka usiku kucha, na kwa mtu wa presha na figo ningeviacha kabisa, ingawa najua ninayemwambia aache papa hapa Pwani ataniona sina utu.

Turudi kwa mwenye bucha na supu yake. Hakuna supu inayosafisha figo. Nyama inapochemka muda mrefu, sehemu ya potasiamu na fosforasi yake huhamia kwenye maji, na maji hayo, pamoja na chumvi na vidonge vya mchuzi vinavyotiwa, ndiyo yale tunayoyamwaga kwenye bakuli na kuyaita dawa. Kwa mtu ambaye potasiamu au fosforasi yake imepanda, sisi hushauri kinyume chake: nyama ikatwe vipande vidogo, ichemshwe, maji ya kwanza yamwagwe, kisha ipikwe mchuzi upya. Wewe kwa 4.6 hujafika huko, na kikombe kidogo cha supu isiyo na chumvi nyingi mara moja moja hakitakuangamiza, ila usikinywe kwa imani kwamba unatibiwa. Hali kadhalika wale wanaosema «kula figo upone figo». Figo, maini na matumbo vina purini nyingi zinazopandisha asidi ya yuriki, na mwenye figo dhaifu huitoa kwa shida. Matokeo yake ni jongo, kidole gumba cha mguu kuvimba na kuwaka moto usiku. Na likikupata hilo, usikimbilie dukani kununua dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni, kwani dawa hizo zaweza kuziumiza figo zako kwa siku chache zaidi kuliko nguruwe ya mwaka mzima inavyoweza.

Jirani yako hakukudanganya, naye ameambiwa kweli. Anayesafishwa damu hupoteza sehemu ya protini kila anapounganishwa na mashine, na mwili wake huwa katika hali ya kujivunjavunja, ndiyo maana kipimo chake hupanda hadi gramu 1.0 au 1.2 kwa kilo. Taka inayotokana na protini hiyo itaondolewa na mashine. Wewe huna mashine, una figo zako tu, na kazi yetu ni kuzitunza zisihitaji kusaidiwa. Mkiketi pamoja kula, sahani zenu zisifanane, na hilo lisiwe sababu ya yeyote kumcheka mwenzake.

Kwa upande wa kuchanganua njia zilizo mbele yako, naona tatu. Ya kwanza ni kubaki na nyama zote ulizozizoea na kupunguza ukubwa wa kipande. Ni rahisi kuikubali siku ya kwanza na ngumu kuishika siku ya thelathini, hasa mezani pa marafiki. Ya pili ni kuhamia zaidi kwenye kuku na samaki, na kuifanya nguruwe iwe ya mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili. Ya tatu ni kuziachia baadhi ya siku mbaazi, kunde au pojo ziwe ndiyo mboga kuu, bila nyama kabisa. Zamani tuliwakataza wagonjwa wa figo jamii ya kunde kwa kuogopa fosforasi na potasiamu. Siku hizi, kwa mtu ambaye potasiamu yake iko sawa, tumelegeza, kwa sababu fosforasi ile haifyonzwi sana na asidi inayobaki ni kidogo. Mbaazi za nazi kwa asubuhi, tui likiwa jepesi, chumvi ikiwa ya kuonja tu, na mahamri mawili badala ya matano, ni kifungua kinywa bora mara nyingi kuliko soseji, na tena ni rahisi mfukoni. Mimi ningeichanganya ya pili na ya tatu. Kuna mpango wa protini ya chini zaidi, gramu 0.55 hadi 0.6 kwa kilo, unaotumika kwa baadhi ya wagonjwa wasio na sukari, lakini huo hauanzwi kwa kusoma. Unahitaji mtaalamu anayekuona na kukupima mara kwa mara, kwa sababu ukikosewa, mtu hudhoofika.

Na Jumamosi je? Sikunyimi. Nunua mwenyewe, kwenye bucha ambayo nyama yake ina muhuri wa mkaguzi, mnofu wa mgongo au wa paja, na mafuta yaliyoambatana yakatwe. Iive hadi ndani, isibaki na wekundu karibu na mfupa, kwa sababu nguruwe isiyoiva huweza kumwachia mtu minyoo ya tegu tumboni, na mayai ya minyoo hiyo yakimezwa, mabuu yake yaweza kuingia kwenye ubongo na kuleta kifafa. Usiitie chumvi wala unga wa mchuzi wa pakiti; ikande kwa ndimu, thomu, tangawizi, pilipili manga na bizari, uiache saa mbili tatu, na papai bichi lililosagwa kidogo litailainisha. Mwambie mchomaji akukatie kipande chako kabla sinia halijafika mezani, kwa kuwa hakuna binadamu anayeweza kuhesabu vipande akiwa anachota kwenye sinia la watu wengi huku mpira ukiendelea. Ile bakuli ya chumvi inayowekwa pembeni isogezwe kwa mwenye figo nzima.

Vinavyoandamana na nyama navyo vina uzito. Losartani, pamoja na faida yake kubwa kwa figo zako, ina tabia ya kuzuia potasiamu isitoke, na figo dhaifu nazo huizuia. Kwa 4.6 uko salama, ila huna nafasi kubwa ya kuchezea. Dafu moja kubwa lina potasiamu inayoweza kufika miligramu 600 au zaidi; wale wanaokaa jioni pale Lighthouse wakishushia mihogo kwa madafu mawili matatu wanafanya jambo ambalo wewe hupaswi kuliiga baada ya sahani ya nyama na kachumbari ya nyanya na parachichi. Na tafadhali usinunue ile «chumvi ya wagonjwa wa presha» iliyo supamaketi kabla hujasoma pakiti: nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, na kwa mtu wa hali yako hiyo huweza kuusimamisha moyo.

Kuna dalili ambazo hazingoji jibu la barua. Ukivimba miguu au uso asubuhi, mkojo ukipungua sana au ukitoka na povu jingi lisilokatika, ukipoteza hamu ya kula ukatapika, ukakosa pumzi ukilala chali, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli ikilegea ghafla au moyo ukaanza kupiga ovyo, usingoje hata kupambazuke, kwani potasiamu iliyopanda huua kwa saa. Na ukianza kupungua uzito bila kukusudia baada ya kubadili chakula, rudi kwa mtaalamu wa lishe, maana yawezekana umepunguza kupita kiasi.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Ugonjwa sugu wa figo huthibitishwa pale hali inapodumu miezi mitatu au zaidi, nawe umenitajia kipimo kimoja. Tena nyama iliyopikwa ina kreatinini yake yenyewe, kwa kuwa kemikali ya kreatini iliyo kwenye misuli ya mnyama hugeuka kreatinini kwenye moto, na mtu akila nyingi usiku akapimwa asubuhi, kipimo hupanda kwa uongo. Jikumbushe kama damu yako ilichukuliwa asubuhi baada ya usiku wa kuchoma. Kwa vyovyote vile, omba kipimo kirudiwe, usile nyama wala samaki kwa saa 12 kabla yake, na omba pia mkojo upimwe albumini, aina ya protini ya damu, ikilinganishwa na kreatinini, kwa sababu hicho ndicho kitakachoonyesha kama vichujio vinavuja, na kreatinini peke yake haitoi habari hiyo. Kliniki ya figo ipo pale Hospitali Kuu ya Pwani, ile tunayoizoea kwa jina la Makadara; mwombe anayekutibu akuandikie barua ya kwenda huko na kuonana na mtaalamu wa lishe ana kwa ana. Nenda na karatasi zote za maabara, orodha ya dawa zako, na uandike ulivyokula kwa siku tatu bila kupunguza wala kujipamba, mojawapo ikiwa Jumamosi. Kama mwenye kupika nyumbani ni mama watoto, nenda naye, na mama mkwe akitaka kuja, mpishe naye kiti.